Friza la lita 200, pilau la Idi na bibi aliyekataa chakula cha mochwari

Jamani hili swali nimeulizwa sana na mashosti, lile friza vipi, linafaa au umetupa hela, na kila nikiulizwa najibu ngojeni sherehe zipite kwanza. Sasa zimepita Idi mbili na Krismasi moja katikati (baba watoto kwao Moshi kwa hiyo kwangu hakuna sikukuu inayoruka mlango), nadhani saivi naweza kuongea. Ntaongea marefu, mnisamehe. Mwenye haraka jibu ni kwamba friza langu nalipenda ila sio kwa kile nilichoendea kulinunua Kariakoo, yaani viporo vya sikukuu.

Mjue kwanza nilikotoka. Idi ya kumaliza mfungo ya kabla sijanunua, nilipika pilau kilo kumi na mbili za mchele. Kumi na mbili! Hesabu yangu watu sitini, mana ukoo wetu ukisikia Idi inaliwa kwa fulani wanakuja mpaka wasiojuana. Nikasahau kwamba Idi mosi kila nyumba imepika, mtu anafika kwako kashapita nyumba tatu, anaonja vijiko viwili anakwambia aah shosti leo nimeshiba mpaka hapa, anakunywa soda yake anaondoka na watoto wanaodai hela ya Idi. Saa tatu usiku nachungulia sufuria, nusu ipo. Sambusa karibu themanini, chapati beseni zima, tambi za sukari hata hazijaguswa, kachumbari limelala kwenye maji yake. Miguu imenivimba, nikafunika sufuria kwa sinia nikaweka jiwe juu kwa ajili ya paka nikaenda kulala.

Asubuhi ya Idi pili nafunua, harufu ile mnaijua. Limechacha, na juu kuna kautelezi. Joto la Dar hilo, hata usiku halishuki, na sufuria kubwa kama lile katikati linakaa na uvuguvugu mpaka kesho yake, ni kama umeliatamia. Tukamwaga, kuku wa jirani wakala mpaka wakasusa. Sikulia, nlikaa tu kibarazani nikipiga hesabu, mchele elfu tatu kilo, nyama elfu kumi na mbili kilo, nikaona nimewapikia kuku sherehe.

Ndo likaja wazo la friza.

Duka silitaji jina na kampuni siitaji, ni yale mafriza ya mlango wa juu yaliyojaa Kariakoo, meupe, lita 200 kwa maandishi ya kibandiko. Kijana alianza laki saba na nusu, tukaongea tukaongea, laki sita na themanini. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaidai, akazungukazunguka eti mashine haina mtandao, nikamwambia na mimi hela yangu haina mtandao, ikatoka. Msione aibu kudai, bila risiti waranti ni hadithi tu. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka kwangu Tandika elfu ishirini na tano na yule dereva akalilaza friza kwa ubavu ili apakie na kabati la mtu mwingine njiani, mi nipo mbele sijaona. Bahati fundi wetu wa mtaani alikuwepo wakati linashushwa akasema usithubutu kuliwasha leo, likilazwa mafuta ya kompresa yanakimbilia kwenye mabomba, ukiwasha hapo hapo unaiua mota. Likasimama mpaka kesho yake. Hilo kijana wa duka hakunambia, aliniambia tu dada hili ni chuma.

Haya, lenyewe likoje. Linagandisha kweli, hapo sina neno. Chupa ya maji ya lita moja na nusu niliweka jioni asubuhi jiwe. Halipigi kelele, mngurumo wa kawaida. Mlango mzito na mpira wake unashika vizuri, mpaka ukifunga ukataka kufungua tena hapo hapo haufunguki, unavuta kama unang'oa muhogo, nikadhani limeharibika kumbe hewa ya moto iliyoingia inapoa inasinyaa ndani inauvuta mlango, subiri kama dakika mbili linaachia lenyewe. Lina kufuli na funguo mbili, hii mwenye watoto ataelewa. Lina kitobo chini cha kutolea maji ukiyeyusha barafu.

Mabaya. Taa ndani hakuna, umeme ukiwepo usipokuwepo wewe ni tochi ya simu. Kikapu kimoja tu cha kuning'iniza, na ni kidogo, sasa friza lina kina cha kisima, chochote kilichoenda chini kimekufa. Mwezi wa tisa nimetoa huko chini kopo la aiskrimu, watoto wakapiga vigelegele, kufungua supu ya makongoro ya Idi ya kuchinja. Mdogo alilia kabisa. Na barafu inajijenga kwenye kingo za juu, kila miezi miwili mitatu lazima uzime uyeyushe, usikwangue kwa kisu jamani, ukitoboa pale gesi imekwenda na friza limekuwa kabati.

Umeme. Kwangu linakula kama uniti moja kwa siku, kidogo chini ya hapo likiwa limejaa na halifunguliwifunguliwi. Elfu kumi ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) inanipa uniti ishirini na nane hivi, kwa hiyo friza peke yake ni kama elfu kumi na kitu kwa mwezi. Sio mchezo. Wale mliopo kwenye uniti za bei nafuu, shilingi mia kwa uniti, mwisho 75 kwa mwezi, kaeni chonjo, friza peke yake linakula kama thelathini kati ya hizo, hujawasha feni bado. Na nunueni kile kidude cha kuchomeka ukutani kinacholinda umeme ukirudi kwa kishindo, cha kwangu kimezima mara nyingi tu na friza liko salama.

Sasa tuje kwenye viporo, ndo habari yenyewe.

Jaribio la kwanza ilikuwa Idi ya kuchinja. Kwa nyama mbichi friza ni mwisho wa matatizo. Tulichinja mbuzi, fungu la masikini likatoka, la ndugu na majirani likatoka, letu nikalikatakata nikafunga nusu kilo nusu kilo, safi, mpaka leo nasifia. (Ila niseme na hili, nimeona watu wakishapata friza fungu la masikini linapungua uzito. Mwenye sikio.) Tatizo likawa pilau. Safari hii nikapika kilo nane, likabaki kama kilo tatu, na mimi na friza langu jipya kichwani najiona mjanja, nikabeba sufuria zima la moto nikalitumbukiza ndani. Lilienea! Nikafunga mlango nikalala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Wadau, kesho yake pilau pembeni limeganda, katikati lina uvuguvugu. Friza zima limevurugika. Mvuke umepanda umegandia mlangoni kama ndevu, nyama niliyoipanga pembeni imelainika, sufuria limeng'ang'ania ukuta wa friza halitoki. Na lile pilau la katikati likaonyesha dalili zile zile. Nikampigia binamu yangu ambaye ni nesi, nikamwambia si nalichemsha tu mpaka liive upya? Akasema hapana. Akanielezea mchele unakuja na vijidudu vyake kutoka shambani, mbegu zake hazifi kwa kuchemka, chakula kikikaa na joto zinaamka zinazaana zinatoa sumu, na ile sumu ukishaipasha moto haiondoki. Mdudu anakufa, uchafu aliouacha unabaki. Mi miaka yote najua kiporo ukikichemsha sana umemaliza kazi. Akasema chakula kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na kwa joto letu la Dar hesabu saa moja.

Shemeji yangu aliposikia akacheka, eti tumekula pilau la kiporo na chai ya rangi tangu utotoni hatujafa. Mi simbishii. Pilau la kiporo na chai ni tamu kuliko la jana, nakubali, na ukoko wake ndo usiseme. Ila usiku ule wa Idi aliyeshinda chooni na ndoo anajijua mwenyewe.

Dawa ilikuja kwa bei ya aibu. Makontena. Yale madogo ya plastiki yenye mfuniko ya wauza chipsi, hamsini kwa elfu kumi na tano. Unatoa pilau kwenye sufuria likiwa bado la moto, unalitandaza kwenye sinia pana lipoe haraka mbele ya feni, nusu saa tu, afu unapaki sahani moja moja, hayazidi vidole vitatu kwenda juu, unafunga unapanga kwenye friza yaachane kidogo baridi ipite. Asubuhi yote mawe. Hakuna cha katikati uvuguvugu mana katikati haipo. Na kupasha ni rahisi, unalitoa vile vile limeganda, unaweka kwenye sufuria na maji vijiko viwili, unafunika moto mdogo, mvuke unafanya kazi, likishalainika ongeza moto mpaka litoe moshi kila mahali. Likisharudi kwenye moto ndo limerudi, usiligandishe mara ya pili.

Hapo nikawa nimefika, friza la laki sita na themanini limeokolewa na makontena ya elfu kumi na tano.

Nimejifunza na vingine kwa kuharibu. Viazi vya kwenye pilau vitoe kabla, vikiganda vinakuwa sponji, ukitafuna vinatoa maji. Mayai ya kuchemsha yanakuwa mpira wa kufutia. Kachumbari usijaribu. Wali wa nazi huo ule siku hiyo hiyo au ugawe, nazi haingojei mtu. Chapati zinakubali sana, weka karatasi ya nailoni kati ya moja na nyingine la sivyo utapata chapati moja ya kilo mbili. Mchuzi wa nyama unakubali mpaka unazidi kunoga. Sambusa sasa hizo ndo za kuwekea friza nakwambia, lakini zikiwa mbichi! Zile zilizokaangwa zikiganda manda yanalegea, mbichi unatoa unatumbukiza kwenye mafuta vile vile na barafu yake kidogo. Kwa hiyo saivi nafunga sambusa mia nakaanga arobaini tu, wageni wakiongezeka nakaanga nyingine.

Krismasi tukaenda Moshi, wiki nzima, kama mnavyojua Dar inavyohama mwezi wa kumi na mbili. Friza nimeliacha limejaa, nyama, sambusa, makontena. Na nimesahau LUKU. Tarehe 27 jioni jirani ananipigia, mama nanihii taa yenu ya nje haijawaka tangu jana. Moyo ukaniruka. Nikanunua umeme kwa simu pale pale kwenye migomba, nikamtumia zile namba ishirini aende kuingiza, mita ipo nje Alhamdulillah. Kwa hiyo lilikaa bila umeme kama siku moja na zaidi. Binamu nesi akasema friza lililojaa na halijafunguliwa linashikilia baridi kama siku mbili, lililo nusu siku moja tu, kwa hiyo usiwe na presha. Presha nilikuwa nayo. Ila kabla sijasafiri nilikuwa nimefanya kitu nilichoona kwa mama mmoja muuza samaki wa soko la feri, kikombe cha maji kikishaganda unaweka sarafu juu, mi niliweka ya mia mbili. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya, mwaga. Tumerudi nafungua mlango mkono unatetemeka, sarafu iko juu pale pale na twiga wa... sorry simba wake ananiangalia. Nililibusu lile friza.

Idi ya mwaka huu sasa, mtihani mkubwa. Nilipika kilo saba. Likabaki la kama kilo mbili, na sasa mnisikilize, karibu lote hilo halikuingia kwenye friza. Yale makontena nilikuwa nimeyapanga mezani tangu mchana. Mgeni akisema nimeshiba, nafungua sufuria, namfungia. Basi anayesema kashiba ndo wa kwanza kunyoosha mkono, anaongeza, na la mume wangu shosti, hakuja. Zamani tulikuwa tunafungia kwenye rambo, tangu mifuko ile ipigwe marufuku 2019 hiyo desturi kwetu ilikufa kimyakimya, mana ukimpa mtu bakuli lako zuri humwoni tena wala yeye wala bakuli, na akilirudisha haoni vizuri kulirudisha tupu kwa hiyo anaogopa hata kulichukua. Kontena la shilingi mia tatu halina deni. Watu thelathini na kitu wameondoka na pilau, saa mbili usiku sufuria linaoshwa. Zilizobaki sahani tisa ndo nikagandisha.

Sahani tisa! Friza lita 200!

Na hizo tisa zina kisa. Bibi mzaa mama alikuwa kwangu wiki ile, siku ya nne baada ya Idi nikampashia moja, nikamtengea na ndizi mbivu na chai, linanukia bizari kama la siku ile. Akauliza umepika saa ngapi mbona sijasikia sufuria. Nikasema bibi hili la Idi, lilikuwa kwenye friza. Akaisogeza sahani kwa kidole kimoja. Mjukuu wangu, akasema, kitu kikishalala kwenye barafu siku nne mi nakisomea yasini, sikili, hicho chakula cha mochwari. Akaomba uji. Watoto mbavu hawana, na hilo jina limeganda, saivi mtu akiwa na njaa nyumbani anauliza mama mochwari kuna nini.

Kwa hiyo maksi. Friza kama friza nalipatia saba kwa kumi. Moja nimekata kwa taa, moja kwa kikapu kile cha kitoto, na moja kwa kijana wa duka ambaye mwezi wa nne bawaba ya mlango ilipolegea nikapiga simu ya waranti akasema bawaba haimo, waranti ni ya kompresa, wakati kwenye karatasi imeandikwa kila kitu mwaka mzima. Nimemtumia picha ya karatasi, tiki mbili za bluu mpaka leo. Fundi wa mtaa kakaza kwa elfu kumi.

Kama unanunua kwa ajili ya viporo vya sikukuu tu, yaani Idi na Krismasi na mahafali ya mtoto, usinunue. Nunua makontena mia, pika pungufu ya unavyotaka kupika, na ufungie watu. Kama una duka la nyama ndani ya ukoo, au unafunga sambusa za kuuza, au unakaa mbali na soko, nunua, na lita 100 zinatosha nyumba ya watu sita, hizi 200 zangu miezi mingi nilikuwa nagandisha hewa.

Nilikuwa, nasema, mana mwanangu wa kwanza kaona nafasi ile akaanza barafu za ubuyu na za ukwaju, shilingi mia moja moja, watoto wa shule wanapiga foleni getini saa saba mchana. LUKU ya friza analipa yeye saivi. Juzi kaniomba nitoe nyama zangu nihamishie kwenye friji ya ndani, zinamzibia biashara.